Sindano inayokimbiza moyo: mtu aulize mbele ya kulala kitandani

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mamama munaosoma ukurasa huu mbele ya kuufungia samaki, tumezoea hapa kusema juu ya kofia ngumu, viatu vya chuma na vumbi la mashimo. Leo nataka kusema juu ya jambo lingine ambalo limeanza kuingia katika nyumba zetu, nalo linaleta woga mwingi bila sababu, na mara nyingine linaleta hasara ambayo ingeweza kuepukwa. Ni kipimo cha moyo kwa njia ya dawa. Munganga anakulalisha kitandani, anakutia sindano katika mshipa wa mkono, na moyo wako unaanza kufanya kazi kama vile unapanda ngazi za shimo na gunia mgongoni, hali wewe umelala tu.

Katika kartie nasikia maneno ya namna mbili. Wengine wanasema ni dawa ya kusimamisha moyo ili wanganga waone kama utaamka. Hayo ni uongo. Wengine wanasema ni njia ya wakubwa kutafuta watu wa kuondoa kazini. Hayo sitayaita uongo upesi hivi, kwani woga huo una mizizi yake, na nitaurudia. Lakini kwanza niwaelezee namna mimi mwenyewe nilivyokutana na sindano hiyo.

Nilikuwa fundi wa magari makubwa miaka 26. Mguu wangu wa kuume ulivunjika kazini pahali pawili, na ingawa ulipona, haukubali tena mwendo mrefu. Nilipofika miaka 57 nikaanza kusikia uzito katika kifua kila nilipopanda ile njia ya kutoka soko. Nikisimama, uzito unaondoka. Nikianza tena, unarudi. Bibi yangu akasema ni uzee, mimi nikasema ni bukari nyingi. Munganga wa dispanseri hakucheka. Akanifunga nyaya kifuani, mashine ikaandika mistari yake, na mistari ilikuwa mizuri. Akaniambia: "Baba, moyo wako ukipumzika hausemi kitu. Lazima tuupe kazi, ndipo utasema."

Sisi watu wa karakana tunalielewa neno hilo kuliko wengine. Kamio ikisimama bila mzigo, moteri inaimba vizuri. Unaweza kusikiliza mchana mzima, hutapata kosa. Ipakie mawe, uipandishe kutoka chini ya shimo, hapo ndipo utasikia kile kinachogonga. Moyo ni hivyo hivyo. Mishipa inayoulisha damu inaweza kuwa imebanwa na mafuta zaidi ya nusu ya njia yake, na mtu akikaa kwenye kiti chake hasikii kitu, kwa maana damu kidogo inatosha. Akikimbia, moyo unaomba damu nyingi, njia nyembamba haiwezi kuipitisha, na sehemu ile ya moyo inaanza kulia njaa.

Kwa mtu mwenye miguu mizima, wanganga wanatumia tapi: mgonjwa anatembea juu ya mkanda unaokwenda, na kila dakika 3 wanauzidisha mwendo na kuuinua mlima. Watu wa konsantrateri watacheka, kwani kwa Kifaransa mkanda huo una jina moja na ule unaobeba mawe yao. Lakini mtu aliyevunjika mguu, mwenye mgongo uliokufa kwa kazi, mwenye goti lililovimba, ao mwenye mapafu yaliyoshiba vumbi, hawezi kutembea mpaka moyo upate kazi ya kutosha. Ataacha mbele ya wakati, na kipimo hakitakuwa kimesema lolote. Sindano imetengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Na katika kompani za shaba, watu wa namna hiyo ni wengi.

Basi nikaandikiwa kwenda hospitali moja mbali, ngambo ya mpaka. Ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi yetu inayouma masikio. Nilisafiri usiku katika basi, nikafika asubuhi, na pale kituoni nikanywa vikombe viwili vya kahawa nzito ili nipate nguvu ya kuonekana mwanaume mbele ya wanganga. Nikalala kitandani. Infirmie akanitia sindano, akafunga na plasta, halafu akaniuliza kama nimekunywa kahawa. Nikamjibu ndiyo, tena kwa kiburi: viwili! Mama yule akanitazama, akaondoa plasta, akachomoa sindano. Kipimo kimeahirishwa juma moja. Mimi nilikuwa na feza ya kulala siku mbili.

Katika mfuko wangu kulikuwa na karatasi niliyopewa mbele ya safari, imekunjwa mara nne. Iliandikwa kwa Kiingereza. Ilisema wazi: hakuna kahawa, hakuna chai, saa 24 mbele ya kipimo. Hakuna mtu aliyenisomea karatasi ile, na mimi sikuomba. Kosa ni la nani? Nimefikiri sana, na leo naligawanya katikati. Aliyenipa karatasi kwa lugha nisiyoijua alifanya nusu ya kazi yake. Na mimi niliyeona haya kusema "sisomi lugha hii" nilifanya nusu nyingine ya hasara.

Sasa nielezee sababu ya kahawa, kwani mtu anaposikia katazo bila sababu analiona ni mchezo. Dawa za kipimo hiki ni za jamaa mbili. Jamaa ya kwanza haiukimbizi moyo, inafungua mishipa yake. Humo muna adenozini, dipiridamoli, na moja mpya zaidi inayoitwa regadenosoni, ambayo Marekani waliikubali katika mwaka 2008. Mishipa mizima inapopata dawa hiyo inafunguka sana, na damu inapita mara tatu ao mara nne kuliko wakati wa kupumzika. Mshipa uliobanwa hauwezi kufunguka hivyo. Fikirieni mabomba ya maji katika kartie: siku wanapofungua vali kubwa, nyumba zote zinapata maji kwa nguvu, lakini nyumba yenye bomba lililoliwa na kutu inabaki na uzi wa maji tu. Hapo munajua ni bomba la nani linapaswa kutazamwa. Wanganga wanapiga picha ya moyo wakati ule, na sehemu iliyonyimwa damu inaonekana.

Kafeini iliyo ndani ya kahawa inakaa katika mlango ule ule ambamo dawa inapaswa kuingia. Dawa inafika, inakuta kiti kina mtu. Mishipa haifunguki sawasawa, tofauti haionekani, na picha inaweza kutoka nzuri kwa mtu ambaye moyo wake si mzuri. Munaona ubaya wake? Kahawa ile haiwezi kukuua pale kitandani. Ubaya ni kwamba utarudi nyumbani na karatasi inayosema uko mzima, utapika nyama kushukuru Mungu, na ugonjwa utabaki mahali pake unakungojea.

Na kafeini haikai katika kahawa peke yake. Iko katika chai, hata ile chai nyepesi ya watoto. Iko katika Coca-Cola na katika vile vinywaji vya nguvu vya chupa ndogo ambavyo vijana wa posti ya usiku wanavinywa kama maji. Iko katika chokoleti. Iko katika vidonge vingine vya kichwa, vile vinavyochanganya dawa ya maumivu na kafeini. Soma kiboksi ao mwulize mwuza dawa. Iko hata katika kahawa ile inayoandikwa kwamba imetolewa kafeini, kidogo, lakini iko. Na iko katika makasu. Hili nalisema kwa sauti, kwa sababu mtu wetu akiulizwa juu ya kahawa atajibu hapana kwa moyo mweupe, hali shavu lake limejaa kasu alilotafuna tangu alfajiri. Munganga wa mbali hataulizia makasu, kwani hayajui. Wewe ndiwe utakayemwambia.

Jamaa ya pili ni dobutamini. Hii ilitengenezwa katika miaka ya 1970, nayo inaupiga moyo mjeledi kweli kweli. Inaingia kwa mashine pole pole, na kila dakika 3 wanaongeza kipimo. Wanatafuta moyo ufikie mwendo fulani, na hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita anaiweza: ondoa miaka yako katika 220, kisha chukua sehemu 85 kwa mia. Mtu wa miaka 50 anabakiwa na 170, na moyo wake unapaswa kufika karibu mapigo 145 kwa dakika. Ukikataa kufika, wanaweza kuongeza dawa nyingine, atropini. Wakati ule wote wanatazama moyo kwa ekografi, ile ile mashine ambayo mamama wenye mimba wanaijua, na mafuta yake ya baridi. Unalala kwa ubavu wa kushoto. Ukuta wa moyo unaolishwa vizuri unajikunja kwa nguvu; ule wenye njaa unachelewa, kama mfanyakazi aliyekuja bila kula.

Kwa dobutamini shida kubwa si kahawa. Shida ni zile dawa za presha zinazopunguza mwendo wa moyo: atenololi, propranololi, bisoprololi na jamaa zake. Mtu akizimeza asubuhi, mjeledi hauukimbizi moyo inavyotakiwa. Kwa hiyo munganga mara nyingi anaomba ziachwe siku moja ao mbili. Lakini sikieni vizuri: anaomba yeye. Mtu asiziache kwa akili yake, ao kwa sababu amesoma katika gazeti hili! Kuziacha kwa ghafula kunaweza kuamsha maumivu ya kifua kwa nguvu, tena kwa mtu mwenye moyo mgonjwa kunaweza kumletea hatari kubwa kuliko kipimo chenyewe. Munganga mwingine anataka uendelee kuzimeza, kwani anataka kuona kama dawa inakulinda. Uliza.

Kwa hiyo ulizo la kwanza mbele ya safari si "nitapona?" Ni hili: nitatiwa dawa gani? Ukijua jina lake, mambo mengine yote yanafuata.

Nakuja sasa kwa jambo linalonichoma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ile jamaa ya kwanza, adenozini na wenzake, inaweza kubana njia za pumzi. Mwenye pumu, ao yule ambaye kifua chake kinapiga filimbi, anaweza kukosa pumzi pale kitandani. Kwa mtu kama huyo wanganga wanachagua dobutamini, ama njia nyingine. Lakini watachagua namna gani kama hawajui? Ninajua wanaume zaidi ya kumi ambao wamefundisha vifua vyao kunyamaza siku ya vizita ya kompani. Wanakunywa maji ya moto alfajiri, wanavuta pumzi polepole, wanameza aminofilini waliyonunua sokoni, na munganga anaandika: mapafu mazuri. Wanafanya hivyo sababu wana watoto saba na nyumba ya kompani. Siwahukumu. Nilifanya vile mwenyewe mwaka ule wa mguu, nikasema siumwi wakati nilikuwa naumwa.

Lakini uongo wa vizita ukikufuata mpaka kitanda cha kipimo hiki unageuka kuwa kitu kingine. Kwanza ule ubanaji wa pumzi. Pili, aminofilini na ndugu yake teofilini zinafanya kama kafeini: zinaziba mlango wa dawa. Tena ni aminofilini hiyo hiyo ambayo wanganga wanaiweka karibu katika bomba la sindano ili kuzima dawa za jamaa ya kwanza zikileta matata. Basi mtu aliyeimeza kwa siri amezima kipimo mbele ya kuanza, na yeye anashangaa kwa nini hasikii lolote.

Kwa wakubwa wa kazi nasema hivi, na ni maoni yangu mimi mzee, si ya gazeti. Mukitaka mfanyakazi aseme kweli mbele ya munganga, lazima ajue maneno yake yanaishia wapi. Matokeo ya moyo wake ni yake na ya munganga wake. Ofisi inapaswa kupata neno moja tu: mtu huyu anaweza kazi gani na hawezi kazi gani. Isipate jina la ugonjwa, wala picha, wala orodha ya dawa. Na yule aliyeambiwa asiendeshe tena apewe kazi nyingine iliyo ya kweli, si kiti karibu na mlango mpaka achoke na kujiondoa mwenyewe. Pahali penye desturi hiyo watu wanasema kweli. Pahali isipokuwako, watu wanatafuna makasu na kunyamaza.

Na kwa mfanyakazi mwenzangu nasema pia neno ambalo hatalipenda. Ukiendesha kamio ya tani 100 na moyo wako unaweza kukuangusha katika mteremko, ugonjwa huo si wako peke yako. Ni wa kijana anayetembea na bendera chini ya barabara.

Siri nyingine ya wanaume ni ile ya vidonge vya nguvu za chumbani, sildenafili na tadalafili, vinavyouzwa sasa kila pembe, vya kweli na vya uongo. Wakati wa kipimo kifua kikiuma, munganga anaweza kukupa dawa ya nitrati chini ya ulimi. Ikikutana na vidonge vile mwilini, presha inaweza kuanguka vibaya sana. Sildenafili inahesabiwa siku nzima, tadalafili siku mbili. Hapo mtu aache haya. Kama umekwenda na mkwe wako, mwombe atoke nje kidogo, halafu useme.

Wenye sukari waulize juu ya sindano yao ya insulini, kwa sababu mara nyingi kipimo kinadai usile saa 3 ao 4, na insulini bila chakula ni hatari. Mwenye ugonjwa wa macho wa presha ya ndani, ao mzee anayepata shida ya kukojoa, amwambie munganga mbele ya atropini, kwani dawa hiyo inaongeza shida zote mbili. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha aseme mara moja, hasa kama kipimo ni kile cha picha ya mionzi. Na mamama wasifikiri moyo ni ugonjwa wa baba peke yake. Mara nyingine kwa mwanamke moyo haulii kwa maumivu makali ya kifua. Unalia kwa kuchoka kusiko na sababu, kukosa pumzi, kichefuchefu, na watu wanamwambia ni kazi za nyumba.

Juu ya mionzi: sisi watu wa Katanga tukisikia neno hilo tunakumbuka Shinkolobwe, na tuna haki ya kukumbuka. Lakini dawa inayotiwa kwa ajili ya picha hizi, mara nyingi teknetiumu, ni kidogo, na nguvu yake inapungua nusu kila saa 6. Nyuma ya siku moja imebaki sehemu moja juu ya 16, bila kuhesabu ile iliyotoka na mkojo. Kunywa maji, kojoa mara nyingi. Kwa saa chache usibebe watoto wadogo kwa muda mrefu kama umekatazwa, kisha maisha yanaendelea.

Utasikia nini wakati dawa inaingia? Nawaambia nilivyosikia mimi siku niliporudi nyuma ya juma lile, bila kahawa, kichwa kikiniuma kwa kuikosa. Uso uliwaka moto. Kifua kilibanwa kama mtu amekaa juu yake. Pumzi ilikuwa fupi, na nilisikia hofu ambayo haikuwa na jina. Nilitazama saa ya ukuta. Zilikuwa dakika chache tu. Walipofunga dawa, kila kitu kiliondoka kama mvua ya jua. Adenozini haikai katika damu hata sekunde nyingi, nusu yake inakwisha chini ya sekunde 10. Dobutamini inakawia dakika chache zaidi. Mtu anasikia moyo ukigonga katika masikio, mikono ikitetemeka, mara nyingine kichefuchefu. Dipiridamoli ndiyo inayokawia kuliko wenzake. Atropini inakausha kinywa na kuficha macho kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe pikipiki siku ile, wala usikubali kwenda posti ya usiku. Omba karatasi ya pumziko mbele ya kutoka.

Nilijaribu kunyamaza, kama fundi mzee. Infirmie akanikaripia: "Baba, hapa hatupimi ushujaa. Sema." Alikuwa na haki. Kila maumivu unayoyataja ni sehemu ya kipimo. Ukisema yanapanda begani ao katika taya, wanaandika. Ukisema huwezi tena, wanafunga. Munganga anatazama mashine na presha, lakini maumivu hayana mashine.

Hatari ipo, sitaificha. Katika watu elfu moja wanaopimwa, wale wanaopata jambo zito, kama moyo kushikwa ao kupoteza mwendo wake, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndiyo sababu kipimo hiki hakifanywi nyuma ya pazia la dispanseri bila mashine ya kuamsha moyo. Uliza kama iko, usione haya. Na kuna wale wasiopaswa kupimwa: aliyeshikwa na moyo katika siku chache zilizopita, mwenye maumivu yanayomjia hata akipumzika, mwenye presha iliyo juu sana bila kutulizwa, mwenye mlango wa moyo uliobana sana. Kwa adenozini, pia yule ambaye umeme wa moyo wake unakatika njiani na hana mashine ya kuusaidia.

Kisha matokeo. Hapa watu wetu wanaanguka katika mashimo mawili. Wa kwanza anapata karatasi nzuri, anarudi kwa tumbako, lutuku na chumvi nyingi. Kipimo kizuri kinamaanisha hatari ni ndogo kwa sasa. Hakikuoshi mishipa, tena vipimo hivi vinakosea mara nyingine, kwa upande huu na ule. Wa pili anapata karatasi mbaya, na jamaa inaanza kuuza kiwanja ili apelekwe India ao Afrika ya Kusini kupasuliwa. Ngojeni kidogo. Katika mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa unaoitwa ISCHEMIA, wa wagonjwa 5179 katika inchi 37. Walikuwa watu ambao vipimo vya moyo vilionyesha upungufu wa damu wa kati ao mkubwa, lakini hali yao imetulia. Wengine walipelekwa mapema kufunguliwa mishipa ao kupasuliwa, wengine walianza na dawa tu. Kwa miaka waliyofuatwa, kufanya haraka hakukupunguza vifo wala kushikwa na moyo kwa jumla, ingawa wale waliokuwa na maumivu mara nyingi walipata nafuu zaidi wakitengenezwa mishipa. Uchunguzi ule haukuwatia wenye mshipa mkuu wa kushoto uliobanwa, wala wenye moyo uliochoka sana. Hao wana njia yao. Lakini kwa wengine wengi kuna muda wa kukaa, kuuliza, na kusikia munganga wa pili mbele ya kuuza kiwanja.

Mimi mwenyewe picha ilionyesha sehemu moja ya chini ya moyo inayokosa damu. Nilipewa aspirini, dawa ya mafuta ya damu, na dawa ya kupunguza mwendo wa moyo. Tumbako niliacha kwa matusi mengi. Ni mwaka wa sita sasa. Napanda njia ya soko, nasimama mara moja pale kwa mwuza mkate, halafu naendelea.

Na ile karatasi ya Kiingereza sikuitupa. Binti yangu anayefundisha shule aliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, akaongeza makasu kwa kalamu nyekundu. Iko mlangoni mwa dispanseri ya kartie yetu, kando ya orodha ya chanjo za watoto. Anayetaka kuinakili aje na kalamu yake, kwa sababu ile iliyofungwa pale kwa kamba imekwisha ibiwa mara mbili.